Gari Lililozoea Mteremko

Nyumbani kwetu, upande wa Mpepai, gari bovu haliaibiki, maana mlima unalificha. Jioni unaliegesha uso ukitazama bondeni, unatia jiwe mbele ya tairi, unaingia ndani kula. Asubuhi unatoa jiwe, unaachia breki, gari linaanza kuteremka lenyewe. Likishapata mwendo unaachia klachi, linashtuka, linatema moshi mweusi, na safari imeanza. Magari mengi ya kwetu yanaishi hivyo, ya wanunuzi wa kahawa na ya walimu wastaafu. Mtu wa kwetu hakuulizi kama stata yako ni nzima. Anakuuliza gari unalilaza wapi.

Baba alililaza lake, pikapu ya dizeli ya siku nyingi, kwenye kilima kilicho mbele ya nyumba. Ninaamini hata nyumba yenyewe aliijenga pale kwa ajili ya kilima hicho. Mama alikuwa akimtania kwamba Wamatengo wakipelekwa mahali tambarare watashindwa hata kuondoka. Yeye alizaliwa Kihagara, chini huko ziwani, akapanda milimani kuolewa, na miaka yote aliyokaa nasi hakuacha kutucheka. Alisema tunalima kwenye kuta kama mijusi. Alisema mahindi yetu hayana ladha, ugali wa kweli ni wa muhogo. Baba alimsikiliza akitabasamu tu, na sisi watoto tulidhani tabasamu lile ni la mtu aliyeshindwa hoja.

Baba hakusomea ufundi popote. Alikuwa na mashine ya kusaga, na kwa kukaa nayo kutwa nzima miaka na miaka alijifunza injini kwa masikio. Watu walimletea pikipiki, trekta, hata majenereta ya kanisani. Alikuwa na maneno yake, na kwa kuwa mimi ndiye mtoto niliyependa kukaa karibu na spana zake, maneno hayo niliyapata mapema.

"Gari likikataa kuwaka usilitukane," aliniambia. "Lisikilize. Likiguna polepole kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, betri imechoka. Likizunguka vizuri halafu halishiki, tafuta kwenye dizeli. Filta imeziba au limevuta hewa. Likigonga mara moja, ta, kisha likatulia, betri ni nzima, stata ndiyo imekwama. Na likinyamaza kabisa, umeme haufiki. Hapo anza kwenye tamino, vile vichwa vya betri, nenda kwenye waya wa athi unaoshika chesisi, malizia kwenye swichi."

Alikuwa pia na mtindo mmoja ambao vijana wa kwetu waliuiga. Alishika bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye chuma cha injini, na mpini akauuma kwa meno. Akafumba macho. Baada ya muda aliitoa na kusema ugonjwa ni huu. Mimi nilifikiri ni madoido ya wazee. Kila fundi ana namna yake ya kujionyesha.

Na mama, kila walipopanda gari, alikaa katikati, ubavuni mwa baba, mkono wake wa kulia juu ya goti la baba. Sisi tulikaa dirishani au nyuma tukiwacheka. Wazee wazima hao, bado wameshikana kama wachumba! Nilipokua nikaolewa, nikaachika, nikafungua duka langu la mchele Mbinga mjini, mkono ule ulikuwa ukiniuma kidogo moyoni nikiutazama. Nilijiambia kuna wanawake waliobahatika.

Basi mama mkubwa, dada yake mama, akafariki kule Kihagara. Tuliondoka asubuhi watu watatu: baba kwenye usukani, mama katikati, mimi mlangoni na kapu la mchele wa msiba miguuni. Tulipoanza kuteremka zile kona na ziwa likatokea, mama alianza kulia kimyakimya. Baba hakuona, alikuwa akitazama barabara. Mama alikuwa na presha ya muda mrefu, na wiki ile miguu ilikuwa imemvimba hata viatu vilimkataa. Nilimwambia asiende. Akanijibu kwamba dada yake hawezi kuzikwa na watu wa kuazima.

Siku zote tukienda kwao mama, baba aliacha pikapu juu, kwenye mwinuko karibu na kanisa, akatia jiwe, tukashuka kwa miguu hadi nyumbani. Kule chini ni mchanga mtupu na ardhi imelala bapa mpaka majini. Siku hiyo, kwa ajili ya miguu ya mama, alishuka na gari hadi uani. Hakuzima. Nia yake ilikuwa kumteremsha mama, kugeuza, na kurudi mwinukoni wakati injini bado inanguruma.

Lakini alikuja mama mmoja wa kwenye msiba, kanga mbili kiunoni, akamsogelea dirishani kwa adabu zote. "Shikamoo baba. Tunaomba uzime, ibada inaanza." Baba akamtazama, kisha akamtazama mama. Mama akampigapiga gotini. Baba akazima.

Kwetu na kwao, hakuna mtu angefanya vinginevyo. Gari halingurumi mbele ya maiti, tena gari la mkwe. Ningekuwa mimi ningezima vilevile. Nasema hivi kwa sababu baadaye wapo waliosema, kwa nini alizima. Watu wana maneno.

Tulizika mchana. Tuliporudi kutoka makaburini wanawake waliketi kwenye mikeka, mama akapewa uji. Nilikuwa namtazama. Alinyanyua bakuli, na bakuli likateleza mkononi, uji ukamwagika mapajani, wala hakushtuka. Nikamwita. Akageuka, na nikaona mdomo wake umevutwa upande mmoja. Alitaka kuniambia kitu. Kilichotoka hakikuwa neno la Kiswahili, wala la Kinyasa, wala la Kimatengo. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mkekani kama si wake.

Muuguzi wa zahanati alikuwa miongoni mwa waombolezaji, akaja mbio. Alimshika uso, akamwambia anyanyue mikono, akamwangalia macho. "Hiki ni kiharusi," akasema. "Hapa sina la kumfanyia. Apandishwe hospitali Mbinga sasa hivi, si baadaye. Kila dakika inakula kitu kichwani mwake." Alipiga simu ya gari la wagonjwa; lilikuwa njiani na mama mjamzito, limekwenda Songea. Basi dogo lililoleta watu kutoka Mbamba Bay lilikuwa limesharudi. Nilimpigia kaka yangu wa Songea mwenye gari zuri, akaanza kulia kwenye simu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mjomba, mdogo wake mama, akamtuma mtu wa bodaboda aende hadi barabara ya lami akasimamishe gari lolote litakalopita. Lakini gari lilikuwepo pale pale uani, na dizeli ya kutosha. Tulimbeba mama tukamweka kwenye kiti cha mbele, upande wa mlango, tukamwegemeza kwa mito.

Baba akaingia, akazungusha ufunguo. Ta. Akazungusha tena. Ta. Akatoka, akafungua boneti.

Dawa ya kwanza ya mtu wa milimani ni kusukuma. Wanaume waliotoka kuzika, udongo bado mikononi, walijipanga nyuma ya pikapu wakasukuma kweli kweli. Ilikwenda. Baba akaweka gia ya pili, akaachia klachi, na magurudumu yakakwama palepale yakachora mitaro miwili mchangani. Wakasukuma tena. Yakachora tena. Mara ya tatu tairi za nyuma zilikuwa zimezama nusu, na mjomba akasema huku anatweta, "Shemeji, hapa hatuna mlima."

Ndipo baba akaanza kutafuta ugonjwa. Aliniweka mimi kwenye usukani, pembeni ya mama, niwe nazungusha ufunguo akiniambia. Alifungua tamino za betri, akazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa, akazibana. "Washa!" Nikazungusha. Ta. Akatikisa kichwa. "Bado kimya," akasema. Akaufuata waya wa athi hadi unapofungwa kwenye chesisi, akakwangua kutu, akafunga upya. "Washa!" Ta. "Kimya," akasema.

Neno hilo kwetu tunalitumia kwa gari lisilowaka, na mimi nililichukua hivyo. Lakini nilikuwa nimekasirika. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mama alisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Nilikuwa nasikia mlio ule kwa masikio yangu, na ulikuwa mlio alionifundisha yeye mwenyewe. Nikachungulia dirishani, yeye ameinama kwenye injini, amenipa mgongo. "Baba," nikasema, "inagonga. Si stata hiyo?" Akaendelea kukwangua. Nikasema tena, kwa sauti zaidi. Hakugeuka hata shingo.

Bibi mmoja aliyekuwa karibu akanikemea. "Mwanangu, sikio halipiti kichwa. Mwache baba yako afanye kazi."

Nikarudisha kichwa ndani. Niliwaza, hivi ndivyo alivyo. Bisibisi zake niliziosha mimi tangu nikiwa mdogo, kaka zangu wakicheza mpira, na leo mbele ya watu anajifanya hanisikii kwa sababu ni mwanamke. Mama pembeni yangu alikuwa anapumua kwa sauti ya kukoroma. Nilimfuta mate. Nilimwambia tunaondoka sasa hivi, na niliona aibu kwa kusema uongo huo.

Mjomba alikuwa na betri za taa za kuvulia dagaa, betri kubwa zilizochajiwa asubuhi ileile. Ikaletwa moja na vijana wawili, ikawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, baba akaunganisha nyaya. Uwanja mzima ukatulia. Hata waliokuwa wanalia walinyamaza. "Washa!" Nikazungusha. TA! Safari hii mlio ulikuwa mkali, uligonga chuma chote cha gari, mpaka mtoto mgongoni kwa mtu akashtuka.

Baba akapangusa mikono. "Na hii nayo imekufa," akasema. "Leteni nyingine."

Mjomba alinitazama. Vijana wakatazamana. Betri haikuwa imekufa, na kila mtu pale alijua. Hakuna aliyefungua mdomo. Pale ni ukweni kwake, na mkwe ni mgeni mpaka siku anazikwa. Hakosolewi hadharani, tena mzee, tena fundi mwenye sifa, tena msibani. Kila mmoja alijiambia mzee ana sababu zake. Vijana wakaenda kuleta betri nyingine waliyojua haina kazi, wakakimbia kabisa, kwa heshima. Ikaunganishwa. Ta. "Kimya," akasema baba.

Jua lilianza kuinama upande wa ziwa. Muuguzi alikuja mara nyingi kumpima mama presha na kila mara aliondoka bila kunitazama usoni. Bodaboda hakuwa amerudi. Baba alikuwa amefika kwenye swichi, kama alivyonifundisha, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja. Alizunguka hadi mlango wa upande wa mama, akaufungua, akapiga magoti mchangani ili afikie nyaya zilizo chini ya dashibodi. Kichwa chake kilikuwa karibu kabisa na miguu ya mama iliyovimba. Alishika waya mbili akaniambia bila kunyanyua uso, "Washa."

Ta.

Mama akapiga bati la dashibodi kwa kiganja cha kushoto. Mara moja.

Nilifikiri ni maumivu. Baba aliuona mkono, akanyanyua uso. "Washa tena," akaniambia taratibu, lakini macho yake yalikuwa kwa mama. Ta. Mama akapiga bati. Mara moja. Halafu akamkazia macho, yale macho mawili ambayo ugonjwa ulikuwa haujayagusa.

"Inagonga?" baba akauliza.

Hakuniuliza mimi. Alimuuliza yeye. Mama akafumba macho akafumbua.

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Sikuhitaji kuambiwa chochote. Mkono ule wa gotini, miaka yote ile, haukuwa wa uchumba. Mama alikuwa akimpigia gotini honi za magari ya nyuma. Alikuwa akimwambia injini inalia vibaya, mtu anakusalimia, padre amemaliza sala, mtoto anakuita. Ndiyo maana walipokaa sebuleni na wageni mama alirudia kila swali kwa sauti, tukamwona ana domo. Ndiyo maana ya bisibisi ile mdomoni, injini aliisikia kwa meno. Mashine ya kusaga ilikuwa imemla masikio, na mlima ulimwokoa asijulikane, kwa kuwa gari linaloteremshwa kila asubuhi halimlazimishi mtu kusikiliza stata. Baba hakuwa amekosea hata hatua moja mchana ule. Alipozungusha ufunguo alisikia kimya, na kwa kimya alichokisikia alifanya yote yanayotakiwa kufanywa. Msikilizaji wake ndiye aliyekuwa amelala kwenye mito, mkono wa kulia umekufa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliwakasirikia wote wawili. Nilitaka nimpigie baba kelele pale pale, mbele ya mjomba na ukoo wake wote, nimwambie angalau angetuambia sisi watoto wake. Lakini alikuwa amelala chini ya gari tayari. Niliona miguu yake tu, viatu vyake vya msibani vimejaa mchanga. Mkono mmoja ukatokea, ukanionyesha ishara ya kuzungusha. Nikazungusha. Mjomba, aliyeinama kumtazama, aliniambia baadaye kwamba baba alikuwa ameweka ncha ya bisibisi kwenye stata na mpini ameuuma, na mlio ulipogonga machozi yalimtoka.

Akaomba spana ya tairi kwa kunyoosha mkono. Akaigonga stata ubavuni, mara chache, bila hasira, kama mtu anayebisha hodi. Mkono ukatokea tena. Nikazungusha.

Injini ikawaka mara ya kwanza. Moshi mweusi ukafunika mikeka, wanawake wakasema asante Mungu. Ugonjwa wenyewe ulihitaji kugongwa tu. Baba alikuwa bado amelala chini, mkono bado hewani, akisubiri. Alijua limewaka pale tu alipoligusa tumbo la gari kwa kiganja akakuta linatetemeka.

Wanaume walizinyanyua tairi za nyuma, wakatia mikeka chini yake, tukatoka. Nilikaa katikati, nimemkumbatia mama upande huu, na upande wa pili ni baba. Tulipoingia kwenye lami na kuanza kupanda, lori lilitokea nyuma yetu likapiga honi ndefu, likitaka kutupita kwenye kona. Baba hakutikisika. Lori lilikuwa limetukaribia sana. Nikaweka mkono wangu juu ya goti lake nikampigapiga.

Goti lilishtuka kama limechomwa. Alisogea pembeni, lori likapita. Hakunitazama, wala sikumtazama. Mkono wangu nikauacha pale, kona baada ya kona, mpaka taa za Mbinga.

Hospitali walimpokea vizuri, sina lawama. Walimtundikia dripu, wakamfanyia vipimo, wakampa kitanda karibu na dirisha. Baadaye akaja daktari, kijana mpole aliyechoka. Tulisimama pale kitandani, mimi na baba, na mama amelala macho wazi akitutazama. Daktari aliniuliza ilianza wakati gani, nikamwambia ni mara tu baada ya kuzika. Akaangalia saa yake. Akashusha sauti, kama wanavyofanya, ingawa haikusaidia kitu kwani alikuwa ameinama karibu na mto.

"Ataishi," akasema. "Lakini mmechelewa sana, dada. Mngefika mchana huu huu, huenda tungeokoa usemi wake na huo mkono. Sasa sioni kama vitarudi."

Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Baba alikuwa anautazama mdomo wangu. Bado alikuwa na mchanga kwenye nywele. Akanishika kiwiko.

"Amesema nini?" akaniuliza.

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu swali hilo. Mimi si mtu wa kupaka maneno asali. Wateja wangu wa mchele wanalijua hilo, na aliyekuwa mume wangu analijua zaidi. Jibu lilikuwa tayari kinywani, na hasira zote za mchana zilikuwa nyuma yake zikilisukuma. Nikauona uso wake, uso wa mtu aliyezoea kuletewa habari na mtu mmoja tu.

Nikamwekea mdomo sikioni. Ilibidi nipaze sauti, wodi nzima ikageuka.

"Amesema tumewahi!"

Akafumba macho, akavuta pumzi. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akauchukua ule mkono wa kulia wa mama, akauweka juu ya goti lake mwenyewe na kuufunika kwa mkono wake.

Mama, ambaye masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote, alikuwa amemsikia daktari, na alikuwa amenisikia mimi. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha machozi yakaanza kumtoka, mengi, yakashuka hadi kwenye mto, na kwa kuwa mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa dripu, hakuwa na mkono wa kuyafuta wala neno la kusema. Baba aliyaona, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu.

"Mwone mama yako," akaniambia. "Amefurahi."